Simba Wote Nyuma ya Nyumba Yetu

Wiki moja baada ya kumzika mama, shangazi alinikabidhi mkanda wa marehemu wa kubebea kuni. Nguo na vyombo vilikuwa vimeshagawanywa, na mkanda haukuwa na mtu wa kuutaka, maana siku hizi hata kijijini kwetu Rhotia kuni zinaletwa mlangoni kwa bodaboda, na wenye nafasi wanapikia gesi. Niliupokea kwa adabu tu, nikausokomeza kwenye mkoba, nikarudi zangu Karatu mjini. Nilipofungua mkoba jikoni kwangu, harufu ikanipiga: ngozi ya ng'ombe, moshi wa miaka mingi, na samli aliyokuwa mama akiupaka ili usikakamae. Nikakaa chini sakafuni. Nilitegemea kulia, lakini kilichokuja si kilio. Ilikuwa hofu, ile ile niliyokuwa nayo darasa la tatu, nikiwa nimeukumbatia mkanda huu huu na kuomba Mungu asimruhusu simba amle mama yangu.

Mimi ni mwoga, na sifichi. Napika chakula cha madereva wa watalii, kila alfajiri nafunga maboksi ya kuku na ndizi yanayoteremshwa kreta ya Ngorongoro, lakini mwenyewe sijawahi kuteremka. Madereva wananitania kwamba nimekaa mlangoni mwa harusi maisha yangu yote bila kuingia kula pilau. Wacha watanie. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi lakini najua siku moja ambayo woga wangu ulikaribia kuleta kilio nyumbani kwetu, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ninyi mliosoma enzi za kubanana watatu dawati moja mtakumbuka kwamba picha ukutani ilikuwa kitu cha thamani. Darasa letu lilikuwa na moja tu. Wageni fulani waliiacha, na Mwalimu Joachim akaigongomea misumari juu ya ubao. Ilikuwa na ramani mbili za Afrika, moja juu ya nyingine. Ya juu ilipakwa njano karibu yote, kuanzia juu kabisa hadi mkiani. Ya chini ilikuwa nyeupe, na njano imebaki madoadoa.

"Hii ya juu ni zamani," Mwalimu Joachim alisema akigonga kwa fimbo. "Simba waliishi kote huku. Hata hapa mlipokaa, babu zenu walipokuja kutoka Mbulu kufungua mashamba, waliwakuta. Sasa ramani ya chini. Leo wamebaki wapi?" Fimbo ikaruka doa hadi doa, kisha ikatua na kukaa. "Hapa. Hapa kwetu. Serengeti, Ngorongoro, huo msitu mnaouona dirishani."

Wenzangu waligeuka kuutazama msitu wakicheka. Mimi nilikodolea macho ramani. Nilikuwa mtoto wa watu waliohama. Bibi alituhadithia jinsi ardhi ya Mbulu ilivyowabana, wakafunga mizigo wakaja huku, na nilijua kwamba mtu asipokuwepo mahali alipokuwa, basi amehamia pengine. Kwa hiyo niliielewa ramani kwa namna moja tu. Simba wote wa lile eneo la njano, Afrika nzima, walikuwa wamefunga safari. Waliondoka kule juu, wakaondoka kule chini, wakatembea miaka mingi, na wote wamekuja kukaa kwenye lile doa. Na doa lilikuwa nyuma ya nyumba yetu.

Sikumwuliza mwalimu. Ungeuliza nini? Jambo lilikuwa wazi ukutani. Nilitoka shuleni siku hiyo nikitembea katikati ya barabara, mbali na mahindi ya pande zote mbili, na kila jani lililosugua jingine nililigeukia. Nilipoutazama msitu kule juu, mweusi na umefunikwa ukungu, nilijua kwa nini ni mweusi hivyo. Ulikuwa umejaa. Niliwaona wamesongamana kama ng'ombe siku ya josho, mabega kwa mabega, na wale wa mwisho wanasukumwa nje kuelekea kwenye maharage yetu.

Na kwenye msitu huo mama yangu alikwenda kila Jumamosi.

Tulimwita Aayo, ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa na alirudi jioni, kwa hiyo mambo ya nyumba yote yalikuwa yake. Jumamosi asubuhi wanawake wa kwetu walikutana njia panda ya kanisani, kila mmoja na mkanda wake, wakapanda msituni kuokota kuni kavu. Aliyetangulia siku zote ni Mama Basili, jirani yetu, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hata akikunong'oneza siri, mbuzi wanageuka. Walikwenda kwa mstari mmoja wakipiga kelele njia nzima. Waliimba, walisengenya, walicheka kwa nguvu vitu visivyochekesha. Mimi niliona ni umbea wa kawaida. Hakuna aliyeniambia kwamba kelele ile ilikuwa sehemu ya kazi, kama panga na kamba.

Baada ya siku ya ramani sikulala vizuri wiki nzima. Nilimwambia Aayo asiende tena msituni. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Simba wamejaa." Akacheka kidogo, akasema, "Tutawaambia wasogee." Nililia, akaniambia niende kuchota maji. Kesho yake nilimwomba Mungu amwumize mguu, kidogo tu, kisha nikaogopa kwamba nimeomba vibaya nikaifuta ile sala kwa sala nyingine. Ilipofika Ijumaa jioni, nilikuwa nimeishiwa. Mkanda ulining'inia kwenye kigingi chake nyuma ya mlango. Niliutoa, nikapanda kwenye kinu, nikauzika ndani ya kihenge cha mahindi hadi kiwiko. Nikajiambia kwamba bila mkanda hakuna kuni, na bila kuni hakuna msitu. Usiku huo nililala fofofo.

Asubuhi Aayo aliutafuta. Alitafuta nyuma ya mlango, chini ya kitanda, zizini. Hakusema neno kali, aliuliza tu, "Hujauona mkanda wangu?" na mimi nikasema sijauona, huku nikimpakata mdogo wangu ili nisimtazame usoni. Tulisikia wanawake wakipita barabarani, sauti ya Mama Basili ikiwa mbele. Sauti zikapanda, zikafifia. Nilikuwa nimeshinda. Nilihisi raha, kweli, nikaanza hata kumwimbia mtoto.

Kumbe Aayo alikuwa na jambo lake. Jumatatu watu kumi na wawili walikuwa wanakuja kutusaidia kuvuna maharage, na kwetu watu wakija kukuvunia, unawapikia mpaka washibe. Nyumba inayowaacha na njaa haisahauliki. Kuni zilizobaki zingechemsha chai tu. Akasimama mlangoni akitazama jua, kisha akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Nitafungia na hii," akasema. "Mwangalie mtoto."

"Aayo, wameshaondoka!"

"Nitawakuta huko huko."

Akapanda mlima. Peke yake, kwa ule mwendo wake wa haraka, na kimya. Nilisimama nikimtazama akipungua mpaka akawa kanga tu ya bluu, halafu hata kanga ikapotea.

Saa sita hivi nilisikia nyimbo. Nilikimbia barabarani na mtoto mgongoni. Wanawake walikuwa wanashuka na mizigo yao, wameinama, wanatokwa jasho, wanaimba. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena kuanzia nyuma.

"Mama yako anaumwa?" Mama Basili aliuliza, akisimama bila kushusha mzigo. "Mbona leo hakuja?"

"Alikuja," nikasema. "Aliwafuata."

Nyimbo zilikatika. Sijasahau jinsi zilivyokatika, mmoja baada ya mwingine, kadiri maneno yangu yalivyofika nyuma ya mstari. Mama Basili alishusha mzigo wake taratibu. "Aliwafuata na nani?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Peke yake."

Kila mtu alianza kusema kwa wakati mmoja. Huyu atume mtu kwa baba, yule aende kwa mwenyekiti wa kijiji, wengine warudi juu na mapanga. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikimbia nyumbani, nikamlaza mtoto sakafuni akilia, nikapanda kwenye kinu na kuchimba mahindi kwa mikono miwili. Nilipoupata mkanda niliukumbatia, nikasali ile sala niliyowaambia, kisha nikaurudisha kwenye kigingi chake nyuma ya mlango, vile vile ulivyokuwa, na kuunyoosha. Niliamini kwamba ukirudi mahali pake, na yeye atarudi. Nilikaa chini yake nikautazama. Nilijua kabisa ni nani aliyemtoa mama kwenye kundi. Simba hakufanya lolote. Ni mimi niliyemkatia mama yangu njia ya peke yake nikampeleka huko, na nilikuwa na umri wa miaka tisa, na hapakuwa na mtu duniani wa kumwambia.

Alirudi jua likiwa limeanza kulala upande. Mbwa alibweka, nikatoka. Aayo alikuwa anatembea katikati ya wanawake wawili wa Kimasai na punda wawili, hana kuni, hana kanga ya bluu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Sikumkimbilia.

Yule Mmasai mkubwa zaidi, ambaye baadaye nilimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, alinyoosha mkono kuelekea kwangu. Sikujua kwamba kwao mtoto huinamisha kichwa kwa mkubwa ili aguswe utosini, ndiyo shikamoo yake. Nilidhani ameambiwa yote na amekuja kunikamata. Nikafumba macho. Kiganja chake kikavu kikatua kichwani kwangu, kikakaa, na ndipo nikaanza kulia.

Aayo aliingia ndani. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona akisimama mbele ya kigingi. Aliutazama mkanda. Aliushika, akausogeza puani, akaunusa, akaurudisha. Nilidhani anashukuru kuisikia tena harufu ya nyumba yake. Akatoka akawasha moto kwa kuni zile za mwisho, akawapikia wageni chai ya maziwa.

Majirani walijaa uani. Aayo hakusimulia, aliyesimulia ni Yeyo, kwa Kiswahili chake, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Walikuwa wanateremka na punda kutoka kwao Ngorongoro kwenda mnada wa Karatu. Punda wakagoma. Yeyo akatazama mbele akaona mwanamke amebandika mgongo kwenye mti, ana kijiti mkononi.

"Mimi nafikiri hii mama ni mgonjwa," alisema. "Halafu naangalia pale yeye iko naangalia. Simba. Jike. Iko nalala tu, kama kutoka hapa mpaka zizi yenu. Naangalia yeye, na yeye naangalia simba. Sijui kutoka saa ngapi."

"Yesu!" Mama Basili akasema.

"Mimi napiga sufuria. Natukana yeye sana. Naambia, toka, wewe hapana aibu, hii ni mama ya watu! Basi, nasimama, nakwenda zake pole pole, kama mtu naombwa kupisha."

Watu walicheka kwa kuhema. Kisha Yeyo akaacha kucheka, akawatazama wanawake wale mmoja mmoja. "Lakini nauliza nyinyi. Hii mama kwa nini iko peke yake? Watu kumi ni kelele, simba naondoka mapema, hapana taka shida. Mutu moja, kimya, hiyo simba nasimama nafikiri. Nani naacha yeye peke yake?"

Mama Basili aliinamisha kichwa kama mwenye kosa, na mimi, mwenye kosa mwenyewe, nilikuwa nimeshika birika nyuma ya mgongo wa Aayo. Aayo akasema, "Nilichelewa mwenyewe." Basi, yakaishia hapo.

Kabla hawajaondoka nilijikaza nikamfuata Yeyo kwa punda wake. Nilitaka kujua ukubwa wa hatari. Nikamwuliza, ni kweli simba wote wamehamia kwenu?

"Wote?" akasema. "Nani nasema wote? Zamani mimi msichana, sisi nasikia simba kila siku. Sasa mwezi naisha, hapana sikia. Nyinyi naona mahindi nafikiri simba nakuwa hadithi. Sisi naona mara moja moja, nasema, eh, bado iko." Akanipapasa tena utosini. Sikumwamini hata kidogo. Nilijua ni vile watu wazima wanavyosema ili mtoto apate kulala.

Jumamosi iliyofuata Aayo aliniamsha kabla jua halijachomoza. Alikuwa ameushika mkanda. "Leo unakuja na mimi," akasema. Nilimwambia siwezi, tumbo linauma, miguu inauma. "Huna kazi ya miguu," akasema. "Kazi yako ni mdomo. Utapiga kelele kutoka hapa mpaka turudi. Ukinyamaza, ndipo uogope."

Nilipiga kelele, ndugu zangu. Niliimba nyimbo zote za kanisani, nikasoma jedwali la kuzidisha, nikataja majina ya wanafunzi wote wa darasa la tatu na makosa yao. Hofu ilikuwa pale pale, na nilipiga kelele juu yake, nikimshika Aayo upindo wa kanga. Wanawake walicheka mpaka wakashindwa kuinama. Mama Basili alisema amepata mrithi. Hatukuona simba siku hiyo, wala Jumamosi yoyote niliyopanda msitu ule, na nilipanda mpaka nilipomaliza la saba. Hofu haikuniisha. Nilijifunza tu kuibeba huku nikisema.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nauza chakula stendi ya Karatu, nilipomhadithia dereva mmoja wa watalii habari ya ile ramani kama kichekesho. Alicheka, kisha akaacha. "Dada," akasema, "hawakuhama. Walikufa. Palipopauka pale, walikwisha. Wengine mikuki, wengine bunduki, wengine sumu, na mashamba yakamaliza kazi. Hawa wa kwetu ndio waliobaki, si wageni." Nilimrudishia chenji yake nikaendelea kupakua ugali. Lakini siku ile nzima nilikuwa na baridi mwilini. Nilikuwa nimewaogopa miaka yote kwa wingi wao, kumbe ile njano yote ilikuwa imekwenda na haikufika popote.

Mwaka jana Aayo alikaa kwangu miezi mitatu kwa ajili ya matibabu. Tulikuwa tunachambua maharage barazani, mchana, yeye amefunikwa blanketi ingawa kulikuwa na jua. Bila utangulizi akasema, "Ule mkanda ulinuka dawa ya mahindi."

Miaka yote ile nilijipa moyo kwamba hajui. Kumbe ile dawa ya unga tunayochanganya kwenye kihenge kufukuza mdudu dumuzi ilikuwa imemwambia kila kitu siku ile ile, pale mbele ya kigingi.

"Kwa nini hukunichapa?"

Aliokota kokoto kwenye maharage, akaitupa uani. "Nikuchape kwa nini? Uliogopa nisije nikafa." Akaokota kokoto nyingine. "Pale kwenye mti nilikuwa nafikiri, mtoto huyu aliyenililia nisiende nimwambie nini nikirudi. Nikaona hakuna cha kukuambia. Nikaona nikuchukue tu twende wote."

Sikuweza kusema kitu. Mimi, niliyefundishwa na mama huyu kwamba kunyamaza ndiko kwa kuogopwa.

Jumamosi iliyopita nilichukua mkanda nikapanda bodaboda hadi Rhotia, nikashukia kanisani, nikatembea hadi yanapoishia mashamba, pale msitu unapoanza. Sikuingia, nimeshawaambia mimi ni nani. Nilisimama nikiwa nimeushika. Shangazi na wachungaji wamenieleza vizuri alipo mama, na nawaheshimu. Ila mimi natamani ujinga wangu wa darasa la tatu. Natamani ingekuwa kweli kwamba asiyekuwepo mahali amehamia pengine, na pengine penyewe ni hapa karibu, nyuma ya nyumba yetu, walipojaa simba wote wa ramani, na Aayo yupo kati yao na kanga yake ya bluu, anawaambia wasogee.

Msitu ulikuwa kimya. Nikashikwa na hofu. Basi nikaanza na jedwali la mbili, kwa sauti kubwa, ili Aayo asikie kwamba sijanyamaza.